Barua kwa mwanangu: Farhat Hached na siasa ya mshahara

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Unasema kwamba tangu uchaguliwe kuwa katibu wa tawi, wenzako kazini wanakuonya kuwa chama cha wafanyakazi kikigusa siasa kimekwisha, na unataka kujua kwa nini basi mimi humsifu Farhat Hached, kiongozi wa wafanyakazi wa Tunisia, mtu ambaye kwa hesabu yao siasa ndiyo iliyomuua.

Hached alizaliwa mwaka 1914 katika visiwa vya Kerkennah, mkabala na mji wa Sfax, katika familia ya wavuvi. Ujanani alipata kazi katika kampuni ya usafirishaji mjini Sousse, akaanzisha tawi chini ya CGT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Wafaransa, na harakati hizo zikamfukuzisha kazi. Mambo yake yalianzia kwenye tawi, kama yako, wala si kwenye jukwaa la wapigania uhuru.

Sasa tazama kilichomtoa CGT, wakati huo Tunisia ikiwa chini ya Ufaransa. Mtumishi wa serikali Mfaransa aliyefanya kazi Tunisia alilipwa juu ya mshahara wake nyongeza iliyoitwa theluthi ya kikoloni, ambayo Mtunisia wa cheo kilekile hakuipata. Katibu wa tawi anayedai malipo sawa kwa kazi sawa atalidai hilo vipi bila kuugusa utawala uliolipanga? CGT walikuwa wakali kwa mabepari, lakini suala la ukoloni wenyewe walitaka lisubiri. Mwaka 1944 akajitoa, akaunda vyama huru vya kusini akiwa Sfax, na tarehe 20 Januari 1946, akiwa hajatimiza miaka 32, akawa katibu mkuu wa UGTT, Muungano Mkuu wa Wafanyakazi wa Tunisia, katika mkutano uliofanyika ukumbi wa Khaldounia mjini Tunis. Urais ulikwenda kwa Sheikh Fadhel Ben Achour, mwanazuoni wa Zitouna, msikiti na chuo kikongwe cha Kiislamu mjini Tunis, na mimi huona uteuzi huo ulikuwa wa busara sana, kwa kuwa uliwaonyesha watu kwamba chama hiki ni chao. Jaribio la kwanza la kuunda shirikisho la Watunisia wenyewe, lile la M'hamed Ali mwaka 1924, lilikuwa limezimwa kwa miezi michache tu na mwenyewe akafukuzwa nchini.

Gharama ilionekana mapema. Tarehe 5 Agosti 1947, katika mgomo mkuu wa Sfax, askari waliwafyatulia risasi wagomaji, wakafa watu wapatao 30, na Habib Achour, msaidizi wake wa karibu, akajeruhiwa. Hached hakuacha madai ya mishahara akakimbilia hotuba. Aliendelea kujenga matawi, na mwaka 1951 akaiingiza UGTT katika ICFTU, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi ambalo baadaye Tom Mboya naye aliliegemea kule Kenya. Hesabu hiyo ilikuwa ya mtu makini: Januari 1952, Bourguiba, kiongozi wa wapigania uhuru, na wenzake walipokamatwa, haikuwa rahisi kwa Wafaransa kukipiga marufuku chama chenye marafiki Marekani na Ulaya, kwa hiyo uongozi wa mapambano ukamwangukia yeye.

Asubuhi ya tarehe 5 Desemba 1952 alitoka nyumbani kwake Radès kwa gari. Gari jingine likamfuata na kummiminia risasi. Akajeruhiwa lakini akaweza kutoka. Watu wa gari la pili wakamchukua kana kwamba wanampeleka hospitali, kisha wakammaliza kwa risasi ya kichwa na kuutupa mwili kando ya barabara. Kazi hiyo ilikuwa ya kundi la siri la Wafaransa lililojiita Mkono Mwekundu. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa Casablanca huko Moroko, nchi nyingine kabisa, walianza mgomo kwa ajili yake, na wengi wao wakauawa.

Wenzako hata hivyo wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Baada ya uhuru wa 1956, siasa ilitaka kukimeza chama cha wafanyakazi: Bourguiba, sasa akiwa mtawala wa nchi, alikitaka kiwe mkono wa chama tawala, na kilipokataa, mgomo mkuu wa tarehe 26 Januari 1978 ulizimwa kwa risasi na Habib Achour akafungwa. Kuutetea mshahara mbele ya serikali ni jambo moja, kuwa idara ya serikali ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi huteleza. Kilichoiokoa UGTT ni matawi. Mwishoni mwa 2010, wananchi walipoandamana dhidi ya Rais Ben Ali na viongozi wa makao makuu walipokuwa wakisitasita, ofisi za mikoani ndizo zilizowafungulia waandamanaji milango, na mgomo wa Sfax wa tarehe 12 Januari 2011 ulitangulia kuondoka kwa Ben Ali kwa siku mbili. Mwaka 2013 chama kikawakalisha mezani wanasiasa waliokuwa hawasikilizani, na mwaka 2015 kikapata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na jumuiya nyingine tatu.

Rasimu ya madai yenu ya nyongeza nitumie niisome kabla hamjaipeleka kwa mwajiri, hasa kile kifungu cha vibarua ulichosema baadhi yenu wanataka kiondolewe. Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.