Vikopo vya bure vya kupimia mkojo, na mimi ndo natuma bili

SWALI: Dada shikamoo. Niko Texas, natuma bili kwenye kliniki ya dokta wa maumivu, wagonjwa wengi ni wa mgongo na magoti wanaotumia vidonge vikali. Kuna maabara inatuletea vikopo vya mkojo bure, maboksi kwa maboksi, vile vyenye vipande pembeni vinavyoonyesha majibu hapohapo, ila sampuli lazima ziende kwao zikapimwe tena. Fomu inakuja imeshatikiwa yote, bibi wa miaka 80 anapimwa kokeini kila mwezi! Bili ya kipimo cha kikopo mimi ndo naituma Medicare, bima ya serikali ya wazee. Usingizi sipati. Na mimi nitafungwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kupima mkojo si kosa, dokta lazima ajue mgonjwa anameza dawa au anaiuza. Shida ni hicho kikopo. Sheria ya Marekani ya kuzuia hongo kwenye matibabu haiangalii pesa tu, kitu chochote chenye thamani kikitolewa ili maabara ipelekewe vipimo vinavyolipwa na bima ya serikali ni jinai, aliyetoa na aliyepokea wote, mpaka miaka 10 jela. Halafu kuna sheria ya Stark, inayomkataza dokta kupeleka vipimo vya Medicare kwenye maabara inayomnufaisha, hiyo dokta hata aseme hakukusudia haimsaidii. Mwaka 2015 maabara ya Millennium ilikubali kulipa dola milioni 256 baada ya serikali kuidai, na vikopo vya bure vilikuwemo humohumo, pamoja na hizo oda za kupima kila mtu vilevile. Na nyie mnadai hela ya kikopo mlichopewa bure, hapo ndo pananitisha zaidi.

Kuhusu wewe, sitakuficha: ukishajua bili ni ya uongo ukaendelea kuituma, na wewe umo. Kwa hiyo usifute kitu, usibebe mafaili ya wagonjwa kwenda nayo nyumbani, wala usianze kubishana na dokta, tafuta kwanza wakili wa kesi za watoa taarifa. Ile sheria ya madai ya uongo ya 1863, ya enzi za Lincoln, inakuruhusu kufungua kesi kwa siri kwa niaba ya serikali, na ikishinda unapata asilimia 15 mpaka 30 ya hela serikali itakayorudishiwa, na kliniki wakikufukuza kwa ajili hiyo wanatakiwa wakurudishe kazini na wakulipe mara mbili ya mshahara uliokosa. Wakili atakuuliza vikopo vilianza kuja lini na nani alisema sampuli ziende kwao, anza kukumbuka hilo leo.