Udongo, Minyoo na Boga: Kitindamlo cha Tabaka kwa Halloween

Mama mmoja anayelea watoto Marekani ameniandikia kuhusu vile vikombe vya "udongo na minyoo" (pudini na krimu, chenga za biskuti kama udongo, na peremende za jelatini zenye umbo la minyoo) ambavyo watoto wa huko huvipenda ikikaribia Halloween, sikukuu ya mizuka ya tarehe 31 Oktoba. Darasa la mwanawe linasherehekea, naye alijaribu kuvitengeneza nyumbani vikamtoka uji: chokoleti imechanganyika na krimu, biskuti zimelowa, minyoo imetapika rangi nyekundu kila mahali. Anauliza kama kosa ni mapishi au ni mikono yake.

Mama, mikono yako haina kosa. Kosa ni maji. Kila tabaka lina maji yake, na maji hayo yakipata nafasi huhama: pudini huilowesha biskuti, krimu huyeyushwa na pudini yenye joto, peremende za jelatini hunyonya unyevu na kuachia rangi. Ukishajua maji yanatoka wapi na saa ngapi, kikombe kitasimama hadi kesho yake.

Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu. Shule nyingi za Marekani hazipokei chakula kilichopikwa nyumbani, zinataka kilichofungwa dukani na chenye orodha ya viambato. Ukiambiwa hivyo, peleka biskuti za pakiti, na hivi vikombe wawekee watoto nyumbani jioni ya tarehe 31.

Vipimo hivi ni vya vikombe 12 vya plastiki angavu, vya ujazo wa mililita 260 hivi. Lazima viwe angavu, maana tabaka lisiloonekana ni kazi ya bure.

Anza na pudini, siku moja kabla. Maziwa yenye mafuta kamili mililita 750, sukari gramu 120, kakao isiyo na sukari gramu 40, kornflawa gramu 45, chumvi kidogo, chokoleti nyeusi gramu 100, siagi gramu 30, vanila kijiko kimoja cha chai. Kornflawa ni ule wanga mweupe unaoteleza vidoleni. Unga wa sembe haufai hapa. Changanya vitu vikavu kwanza kwenye sufuria yenye kitako kizito, kisha tia maziwa baridi kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mchapo. Ukiutia wanga kwenye maziwa ya moto, madonge hayatakwisha. Washa moto wa wastani na usiache kukoroga pembeni na chini. Ikianza kutokota, ipe dakika moja kamili ikitokota. Wengi huzima moto mara tu inapoanza kuwa nzito, na hapo wanga bado haujaiva sawasawa; pudini itaonekana nzuri usiku na asubuhi itakuwa imelegea. Wanaopenda kuongeza viini vya mayai wasiifupishe dakika hiyo hata kidogo, kwani ndani ya kiini mna kimeng'enya kinachovunja wanga, na hakifi mpaka kichemke. Epua, tia chokoleti, siagi na vanila, koroga hadi ing'ae.

Sasa jambo ambalo mapishi mengi hukosea. Husema upoze pudini kwenye bakuli, kisha uichote na kuigawa. Usifanye hivyo. Pudini ya wanga ikishaganda halafu ukaivuruga kwa kijiko, haijirudii tena, na mahali ilipovunjika hutoa maji. Iache ipoe dakika 15 tu ukiikoroga mara moja moja, kisha imimine ingali vuguvugu moja kwa moja ndani ya vikombe, kiasi cha mililita 75 kila kimoja. Ikaze humo humo. Funika kila kikombe kwa karatasi ya plastiki inayogusa uso wa pudini ili isifanye utando, weka friji saa mbili.

Utagundua sijaanza na biskuti chini. Ukimwaga pudini juu ya chenga, chenga huelea, na mstari wako mweusi unapotea. Biskuti zinakuja katikati na juu.

Wanaotumia pudini ya pakiti ile isiyopikwa, sawa, inaokoa muda, lakini itumieni na maziwa ya ng'ombe. Ile hukazwa na chumvi za fosfeti zinazoshikana na protini ya maziwa. Kwenye maziwa ya lozi au soya hubaki kama supu, na hakuna kupiga kutakakoisaidia. Mtoto asiyetumia maziwa ya ng'ombe mpikie hii ya kornflawa kwa maziwa ya mimea, inakaza vizuri.

Tabaka la rangi ya machungwa ni boga, na hapa sisi watu wa pwani tusione ugeni. Ule mchanganyiko wa viungo ambao Wamarekani hununua tayari kwenye vichupa kila majira ya kupukutika majani ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, vitu vilivyomo kabatini mwetu mwaka mzima. Chukua rojo la boga gramu 250. Ukinunua la kopo, soma vizuri: kuna boga tupu na kuna lililokwisha kutiwa sukari na viungo kwa ajili ya pai, unataka boga tupu. Ukipika mwenyewe, lipike kwa mvuke, usilichemshe majini. Kisha likaange bila mafuta kwenye kikaango, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10, hadi libaki gramu 150 na mwiko uache njia kavu nyuma yake. Usiiruke hatua hii. Lipoe kabisa.

Piga jibini ya krimu gramu 225 peke yake kwanza, iwe imekaa nje ya friji hadi ilainike, la sivyo utaona punje nyeupe ndani ya rangi ya machungwa. Nunua ile ya kipande. Ile ya kupaka ya kwenye kopo ni laini mno. Ongeza sukari ya unga gramu 70, boga, mdalasini kijiko kimoja cha chai na vile viungo vingine kwa ncha ya kisu. Kwenye bakuli jingine piga krimu baridi ya mililita 250, yenye mafuta asilimia 35, hadi isimame, kisha ichanganye polepole kwa kukunja na ule mchanganyiko wa boga.

Biskuti: pakiti moja ya gramu 400 za chokoleti nyeusi zenye krimu kati, kama Oreo. Aliye Dar au Nairobi atumie biskuti za Bourbon na kijiko kikubwa cha kakao kuongeza weusi. Kwenye mashine saga pamoja na krimu yake, inaufanya udongo uonekane umenyeshewa. Ukiponda kwa mkono ndani ya mfuko, kwa kifimbo cha chapati, toa krimu kwanza, maana itagandisha madonge.

Tandaza vijiko viwili vikubwa vya chenga juu ya pudini iliyokaza. Jaza krimu ya boga kwenye mfuko, kata pembe ya sentimita moja, zungusha kuanzia ukingoni mwa kikombe kuelekea katikati. Kijiko hupaka kuta, mfuko haupaki. Friji usiku kucha. Chenga za katikati zitalainika kama keki, na ndivyo inavyotakiwa.

Udongo wa juu, vijiko vitatu, weka saa moja kabla ya kula. Minyoo iwe ya mwisho kabisa. Ikilala friji hugeuka ngumu na huchora krimu. Waislamu, someni pakiti: nyingi za Marekani huandika jelatini bila kusema ya mnyama gani, na mara nyingi ni ya nguruwe. Tafuteni yenye alama ya halali au ya pektini, ile inayotokana na matunda. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe minyoo mizima, inaweza kumkaba.

Mawe ya makaburi ya biskuti, yale ambayo wengine huyachomeka juu ya udongo, si lazima. Nyumba nyingi zetu hazipendi kaburi lichezewe mezani, na mimi naona wana haki. Bila mawe hayo kikombe ni shamba, na watoto hawalalamiki.

Ukitaka mizuka, oka merengi, yaani povu la ute wa mayai lililopigwa na sukari: ute wa mayai mawili, sukari gramu 120, maji ya limau nusu kijiko cha chai, nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa moja na nusu, kisha iache ipoe ndani ya oveni iliyofungwa. Macho ni chokoleti iliyoyeyushwa. Isimamishe juu ya udongo wakati wa kuandaa meza, kwani ikiingia friji hunata ndani ya muda mfupi.

Vikombe visikae nje zaidi ya saa mbili. Vinavyobaki, ondoa minyoo na mizuka, funika, vitadumu siku tatu.