Kowalski, Kowalska, Kovalsky: jina la mhunzi na namna ya kulifuata

SWALI: Natembeza wageni Arusha, na mara kwa mara nawafikisha kwenye makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Nimeandikiwa na mgeni wa Kanada anayetumia jina la Kowalsky. Anasema bibi yake mzaa baba alikaa kambini Tengeru wakati wa Vita Kuu ya Pili, na anaomba nimtafutie habari kabla hajafika. Nitafute jina gani hasa? Nimekutana na Kowalski, Kowalska na Kovalski. Je, ni koo tofauti? Na jina lenyewe limetoka wapi hata likasambaa nchi zote hizo?

JIBU: Kabla hujatafuta jina lolote, muulize mgeni wako jambo moja: bibi yake aliolewa mwaka gani, na wapi? Kwa kuwa ni mzaa baba, Kowalsky ni jina la upande wa babu. Kama bibi alifika Tengeru akiwa msichana, akaja kuolewa Kanada au Uingereza, kambini hakuitwa hivyo kabisa, na utapekua orodha mpaka macho yakuume bila kumpata. Hapo unachohitaji ni jina la kwao. Cheti chake cha ndoa kitakuwa nalo.

Kama alikuja tayari akiwa mke wa mtu, au kama aliolewa na mtu wa jina la ukoo wake (hutokea, jina hili ni la watu wengi), basi tafuta Kowalska, yenye a mwishoni. Kipolandi hubadilisha mwisho wa neno kama sisi tunavyobadilisha mwanzo: tunasema mtoto, watoto, kitoto, na shina ni lile lile. Mwanamume ni Kowalski, mkewe na binti yake ni Kowalska, familia nzima ni Kowalscy. Kumfanya Kowalska kuwa ukoo mwingine ni sawa na kudhani bin na binti ni koo mbili. Na kwa Tengeru umbo la kike ndilo la kuanza nalo, kwa sababu wengi wa wakazi wa kambi walikuwa wanawake na watoto. Wanaume wenye nguvu za kupigana walikuwa katika jeshi la Wapolandi la Jenerali Władysław Anders.

Kuna maumbo mengine yanayowapoteza watu. Ukiona Kowalskiego, ni "ya Kowalski" mwanamume; Kowalskiej ni "ya Kowalska"; Kowalskich ni "ya akina Kowalski". Haya si majina mapya, ni sarufi tu. Nimeona orodha zilizochapwa na watu wasiojua lugha zikiwa na "Kowalskich" kama jina la ukoo, na aliyetafuta Kowalski akaambiwa hayupo.

Kwenye jiwe la kaburi, Ś.P. si herufi za mwanzo za majina ya marehemu. Ni kifupi cha maneno yenye maana ya "wa kumbukumbu takatifu", kama sisi tunavyotanguliza neno marehemu. Kifupi ur. ni kuzaliwa, zm. ni kufariki, na lat ni miaka, kwa hiyo "lat 4" ni mtoto wa miaka minne. Maneno z domu, au kifupi z d., ndiyo dhahabu yako: jina linalofuata ni la kwao, kabla hajaolewa. Yanakili herufi kwa herufi pamoja na alama zake, na upige picha jua likiwa limeinama asubuhi au jioni, maana kivuli hutokeza maandishi yaliyofutika.

Sasa asili ya jina. Kowal ni mhunzi, yule anayefua chuma. Kiambishi -ski hufanya kazi kama "-a" unganifu yetu: Tarnowski ni wa Tarnów, Kowalski ni wa Kowal, au wa Kowale, au wa mhunzi. Mabwana wenye ardhi ndio waliotangulia kujiita kwa -ski, wakichukua majina ya vijiji walivyomiliki. Baadaye watu wa mijini na wakulima nao wakaipenda kwa sababu ilikuwa na heshima, na mtu aliyekuwa Kowal tu akaandikwa Kowalski. Vijiji vya Kowale navyo viko vingi, kwa kuwa enzi za utawala wa Piast, ukoo wa watawala wa kwanza wa Poland, kulikuwa na vijiji vilivyoitwa kwa kazi ambayo wakazi wake walimfanyia mtawala. Kowale palikuwa pa wahunzi. Upo hata mji mdogo wa Kowal karibu na Włocławek, alikozaliwa Mfalme Kazimierz Mkuu mwaka 1310.

Kwa hiyo jina hili lilizuka mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasiohusiana hata kidogo. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Leo Poland kwenyewe ina zaidi ya watu 130,000 wa Kowalski na Kowalska. Linalolizidi ni Nowak, lenye zaidi ya 200,000, na maana yake ni mgeni, aliyehamia. Jan Kowalski ndiye "Fulani bin Fulani" wa Kipolandi, jina linalowekwa kwenye vielelezo vya fomu. Ukilikuta kwenye hati isiyo na tarehe wala kijiji, usilibebe.

Wakatoliki wa kwetu wanamjua Kowalska mmoja bila kujua kwamba wanamjua. Mtakatifu Faustina, mtawa wa ibada ya Huruma ya Mungu, alizaliwa Helena Kowalska tarehe 25 Agosti 1905, kijiji cha Głogowiec. Baba yake, Stanisław Kowalski, alikuwa mkulima na seremala. Mtazame vizuri: baba -ski, binti -ska, na kazi ya nyumbani ni mbao, si chuma. Jina lilikwisha kuachana na kazi vizazi vingi nyuma. Tena wakati huo Głogowiec ilikuwa chini ya Urusi, na daftari za ubatizo za huko ziliandikwa kwa Kirusi. Mpolandi, Mkatoliki, na jina lake la kwanza kuandikwa serikalini ni la herufi za Kirusi. Hapo ndipo penye kiini cha tahajia zote unazokutana nazo.

Poland iligawanywa na Prussia, Austria na Urusi mwaka 1772, 1793 (mara hii bila Austria) na 1795, na haikurudi kwenye ramani hadi 1918. Katika kipindi hicho ndipo watu walipohama kwa wingi, na kila mmoja aliondoka na karatasi za bwana wake. Aliyetoka upande wa Urusi alikuwa na jina la herufi za Kirusi, ambazo zikirudishwa kwenye herufi zetu hutoa Kovalsky au Kovalskiy. Wa upande wa Prussia aliandikwa na msajili wa Kijerumani, ambaye kwa kawaida alimpa mwanamke umbo la kiume, na wakati mwingine akaandika Kowalsky au Kowalske. Wa Galicia, upande wa Austria, yumo kwenye daftari la Kilatini, na huko jina la kwanza ndilo huleta utata zaidi: Wojciech huandikwa Adalbertus, Jadwiga huandikwa Hedvigis. Wojciech huyo huyo akifika Marekani anaweza kujiita Albert au George.

Sababu ya pili ya tahajia nyingi ni sauti. W ya Kipolandi hutamkwa v. Jina hutamkwa Kovalski. Anayeandika kwa sikio ataweka v, anayenakili kwa jicho ataacha w. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja karani wake alisikiliza na mwingine karani wake alisoma, wajukuu wao wana tahajia mbili leo. Ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, waliwabadilishia watu majina haina ukweli. Orodha za abiria ziliandikwa bandarini walikotokea, kama Bremen na Hamburg, na karani wa New York alikagua tu kile kilichokwisha kuandikwa. Mabadiliko yalikuja baadaye, shuleni, kiwandani, na mahakamani wakati wa kuomba uraia. Wengine walikata jina: baba yake Edmund Muskie, seneta wa Marekani, alizaliwa Marciszewski. Wengine walitafsiri, na Kowalski akawa Smith. Huyo humpati kwa jina, unampata kwa anwani na majina ya watoto.

Jina lilikofika linafuata njia za mkate na za vita. Wachimba makaa walikwenda bonde la Ruhr, miji kama Gelsenkirchen, Bochum na Herne, kuanzia miaka ya 1870. Baada ya 1918 baadhi yao walihamia machimbo ya kaskazini mwa Ufaransa, na mkataba wa Septemba 1919 kati ya Ufaransa na Poland ukaleta wengi zaidi moja kwa moja. Ndiyo maana Kowalski wa Lens anaweza kuwa na bibi aliyezaliwa Ujerumani. Marekani kijiji cha kwanza cha Wapolandi, Panna Maria huko Texas, kilianzishwa 1854, lakini umati ulikwenda viwandani: Chicago, Milwaukee, Buffalo, Detroit, na machimbo ya Pennsylvania. Brazili watu walimiminika Paraná hasa miaka ya 1890 na 1891, na huko utakuta Kovalski na hata Covalski. Uingereza ilipokea askari wa Anders na jamaa zao kwa sheria ya 1947, kisha wimbi jipya baada ya Poland kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Hawa wa mwisho wanabeba -ska na -ski kama ilivyo kwao, kwa hiyo tahajia inakudokezea walihamia lini.

Jihadhari na wanaofanana. Kowalczyk ni mwana au mwanafunzi wa mhunzi, ukoo mwingine. Kovalenko na Kovalchuk ni vya Ukraini, Kovács ni cha Hungaria, Kavaliauskas ni cha Lithuania (ambako mke huitwa Kavaliauskienė na binti asiyeolewa Kavaliauskaitė). Wote wanazunguka mhunzi yule yule wa Kislavoni, lakini usiwaunganishe kwenye mti mmoja kwa sababu hiyo. Wala usiamue dini kwa jina: Wayahudi wa Poland walilazimishwa na serikali kuchukua majina ya ukoo kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, na wapo walioitwa Kowalski.

Wapolandi wa Tengeru walitoka mashariki ya Poland ya zamani. Kuanzia tarehe 10 Februari 1940 utawala wa Kisovieti uliwapakia kwenye mabehewa kuelekea Siberia na Kazakhstan. Mapatano ya Poland na Usovieti ya tarehe 30 Julai 1941 yaliwafungulia mlango, na mwaka 1942 walivuka kwenda Iran, kisha raia wakagawanywa: India, Afrika Mashariki na Kusini, Nyuzilandi. Tengeru ilipokea karibu 5,000. Kambi nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala na Kondoa, na Uganda zilikuwa Masindi na Koja, kwa hiyo ukimkosa Tengeru usikate tamaa. Jina lake limepita Kirusi cha walinzi, Kipolandi cha makatibu wa kambi, na Kiingereza cha maofisa. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada. Kama bibi alikuwa mmoja wao, hilo linarudi kwenye swali langu la kwanza, jina la kwao.

Unapotafuta kwenye kompyuta, usitegemee mfumo wa Soundex wa Kimarekani, unaolipa kila jina msimbo kwa sauti yake ili yanayofanana yatoke pamoja. Wenyewe hupuuza w lakini huhesabu v, kwa hiyo Kowalski huwa K420 na Kovalsky huwa K142, kana kwamba hawajuani. Chagua Daitch-Mokotoff, uliotengenezwa 1985 kwa majina ya Ulaya Mashariki: w na v zote ni 7, na Kowalski, Kowalska, Kovalsky wote hutoka 578450. Kowalskiego, kwa sababu ya g, hutoka 578455, kwa hiyo ipekue peke yake. Mfumo usipokuwa na uchaguzi huo, andika nyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo: Ko*alsk*, kisha rudia ukianza na C badala ya K.

Ukipata mtu, usiridhike na jina na mwaka. Unahitaji kijiji na parokia, jina la mama kabla ya kuolewa, na kwa daftari za Galicia nambari ya nyumba, ambayo huonyesha ni Kowalski yupi kati ya watano wa kijiji kimoja. Kwa upande uliokuwa wa Urusi kumbuka tarehe huandikwa mbili, ya kalenda ya Julian na ya Gregorian, zikipishana siku 12 katika karne ya 19 na 13 baada ya hapo. Mtu akichukua ya kwanza na ndugu yake ya pili, wanabishana bure juu ya mtu mmoja.

Na ramani za leo zinazoonyesha Kowalski wako wapi Poland usizitumie kumtafutia bibi huyu kijiji. Mwaka 1945 mipaka ilisogezwa magharibi, na watu wa Lwów (leo Lviv, Ukraini) na Wilno (leo Vilnius, Lithuania) wakahamishiwa Wrocław, Szczecin na mazingira yake. Wingi wa jina huko unaonyesha walikoletwa. Kijiji chake huenda kiko Ukraini au Belarus sasa, na daftari zake zikawa Warsaw: sehemu kubwa ya zilizookolewa kutoka mashariki zimegawanyika kati ya Hifadhi Kuu ya Nyaraka za Kale, inayoitwa AGAD, na ofisi ya usajili wa raia ya Warsaw. Rekodi za kuzaliwa hubaki ofisini miaka 100, za ndoa na vifo miaka 80, kisha huenda kwenye hifadhi ya taifa zinakoweza kusomwa na mtu yeyote. Kama bibi alizaliwa chini ya miaka 100 iliyopita, ombi la nakala liandikwe na mgeni wako mwenyewe, kwa kuwa ni mjukuu wake wa damu, na aambatanishe vyeti vinavyoonyesha mnyororo kutoka kwake hadi kwa bibi.