Maswali ya Wasomaji: Anahesabu hadi ishirini, lakini haombi maji

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na miezi miwili. Anahesabu hadi ishirini kwa Kiingereza, lakini akitaka maji hasemi, hunishika mkono akanivuta hadi kwenye mtungi. Nikimwita hageuki, ila tangazo la televisheni likianza anakuja mbio. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa kuongea. Nimejaza maswali kwenye simu nikapata alama 9, ikaandikwa hatari kubwa. Nataka akapimwe usonji (autism) hospitali binafsi. Nianzie wapi, na nitajuaje kama naliwa pesa zangu bure? — *Mama, Kisauni, Mombasa*

JIBU: Tuanze na hizo alama, mama. Maswali yanayozunguka kwenye simu mara nyingi ni ya M-CHAT-R. Yako 20, na yametungwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Wako ana miezi 38, kwa hiyo usiitegemee 9 yako. Hata kwa mtoto wa umri unaofaa, fomu hiyo ni chekeche tu: alama 3 hadi 7 hudai maswali ya nyongeza, na 8 kwenda juu mtoto hupelekwa kwa mtaalamu moja kwa moja. Haisemi ana usonji.

Barua yako ina uzito kuliko fomu. Mtoto aliyechelewa maneno tu hutafuta njia nyingine ya kusema: huonyesha kwa kidole, hukutazama usoni, hutazama kitu, kisha hukurudia wewe kuona kama umeelewa. Kuutumia mkono wako kama kata ya kuchotea maji, bila kukutazama, ni dalili nyingine kabisa. Na maneno ya kukariri, kama hesabu au tangazo, hayahesabiwi sawa na neno moja la kuomba. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, usingoje afike miaka minne.

Kabla ya kulipia tathmini, pima masikio. Kuitikia televisheni hakutoshi, kwani mtoto anaweza kusikia sauti nzito akakosa zile nyembamba zinazotofautisha maneno, au akawa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Asiyeweza kufuata maelekezo hupimwa kwa kijidude kinachowekwa sikioni, au kwa nyaya za kichwani akiwa amelala. Usikubali “anasikia huyu” kwa kupigiwa makofi nyuma ya kisogo.

Tathmini yenyewe ni mambo mawili: kuulizwa wewe na kutazamwa yeye. Mahojiano ya mzazi yanayoitwa ADI-R yana maswali 93 na huchukua saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Kumtazama mtoto akicheza kwa mpangilio wa ADOS-2 ni kama dakika 40 hadi 60. Si kila kliniki hutumia hivyo viwili. Wapo wanaotumia CARS-2, orodha ya kupimia dalili yenye vipengele 15. Lakini hakuna chombo kinachotoa jibu peke yake. Daktari bingwa wa watoto au wa akili, mwanasaikolojia na mtaalamu wa lugha na matamshi hulinganisha walichokiona na vigezo, yaani shida ya mawasiliano na watu, pamoja na tabia za kujirudia au hisi zisizo za kawaida, tangu utotoni.

Basi, kwa simu, kabla hujatuma hata shilingi, uliza: nani watamwona, kwa saa ngapi, kwa vyombo gani? Bei ni ya ziara moja au ya kazi yote, na kikao cha kuelezwa matokeo kimo? Ripoti ya maandishi itatoka lini? Daktari yumo kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya? Mahali ambapo mtoto anapewa jina la ugonjwa kwa dakika 15 na kifurushi cha tiba cha miezi sita papo hapo, ondoka.

Jambo moja huweza kuharibu tathmini huku Pwani. Mtoto wetu hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mpimaji asiyejua hilo huandika “hatazami watu”. Mwambie aulize anavyokutazama wewe na ndugu zake wakati wa mchezo. Pia sisitiza apimwe kwa Kiswahili ikiwa ndicho cha nyumbani.

Nenda na kadi ya kliniki, pamoja na video fupi za dakika mbili tatu: anakula, anacheza peke yake, yuko na wenzake, anaitwa jina, amekasirika. Usimrekodi akiwa mzuri tu. Andika umri alioanza kutembea na kusema neno la kwanza, na kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea. Chagua saa ambayo hana usingizi wala njaa.

Ujue pia mipaka ya ripoti ya binafsi. Kadi ya NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, hupitia tathmini ya hospitali iliyoidhinishwa na serikali, na shule za umma huelekezwa na vituo vya EARC, yaani vya serikali vya kupima mahitaji ya mtoto kielimu. Ripoti yako utaiambatanisha, haitachukua nafasi ya hayo. Mazoezi ya lugha hayangoji ripoti: weka kikombe anapokiona ila hakifikii, sema “maji” mara moja, subiri ukihesabu kumi kimoyomoyo, halafu mpe hata akitoa mlio tu au akikutupia jicho.

SWALI: Daktari mmoja ametaka tupige picha ya ubongo ili kuthibitisha usonji wa binti yetu. Ndugu nao wanasema ni chanjo ya surua. — *Baba, Tanga*

JIBU: Usonji hauonekani kwenye picha ya ubongo wala kwenye damu. Picha au kipimo cha umeme wa ubongo kina sababu zake, kama degedege, kichwa kukua kupita kiasi, au mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao. Mwulize daktari anatafuta nini hasa. Kama jibu ni “usonji” tu, zihifadhi fedha hizo.

Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18, umri uleule wazazi wanapoanza kuona dalili, ndiyo maana zikahusishwa. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 iliyoeneza dhana hiyo ilifutwa na jarida la *Lancet* mwaka 2010. Dua hazina madhara. Lakini yale maji yenye klorini dioksidi yanayouzwa mitandaoni kama dawa ya usonji ni kemikali kali ya kung’arishia, ya viwandani. Yasimpite mtoto kooni.

SWALI: Mwanangu ana miaka mitano, na foleni ya kupimwa usonji NHS, huduma ya afya ya umma huku, ni ndefu. Ripoti ya kulipia itakubaliwa? Na mwalimu amesema tuache Kiswahili nyumbani. — *Dada, Leicester, Uingereza*

JIBU: Kwanza mwulize GP wako, daktari wa familia, kuhusu Right to Choose, yaani haki ya kuchagua: huko England anaweza kukuandikia rufaa kwa mtoa huduma mwingine mwenye mkataba na NHS, bila wewe kulipa. Ukilipia mwenyewe, chagua timu inayofuata mwongozo wa NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba huko, na yenye watu wa fani zaidi ya moja. Ripoti ya mtu mmoja ndiyo hukataliwa mara nyingi. Madaktari wawe kwenye rejista ya GMC, baraza lao. Wanasaikolojia na wa matamshi wawe kwenye ile ya HCPC, baraza la fani nyingine za afya.

Wakati huohuo omba halmashauri imfanyie mtoto tathmini ya EHC, ile ya mpango wa msaada wa elimu, afya na matunzo. Sheria haidai kwanza jina la ugonjwa. Wana wiki 6 kuamua kama watampima, na wiki 20 kumaliza mpango mzima. DLA ya mtoto, yaani posho ya ulemavu, nayo huombwa bila jina hilo.

Kiswahili msikiache. Lugha mbili hazisababishi usonji wala kuuzidisha, na mama anayebana maneno kwa lugha asiyoimudu humpa mtoto maneno machache zaidi. Siku ya kupimwa peleka orodha ya maneno yake yote, ya Kiswahili na ya Kiingereza pamoja, na omba mkalimani mapema. Wakihesabu ya Kiingereza peke yake, watamwona ana nusu ya alichonacho.