Alkemia ya nafsi: zebaki achana nayo kabisa

Mkuu, umeuliza kama alkemia (ule ufundi wa kale wa kutaka kugeuza madini kuwa dhahabu) ya kubadilisha nafsi inabidi ununue zebaki uichemshe geto. Aisee usithubutu, mvuke wake ni sumu, unaharibu ubongo na figo. Wazee wa alkemia wa Ulaya kweli walikuwa na matanuri na vichupa ila maandishi yao yamejaa mafumbo, kunguru mweusi, mfalme anauawa anazikwa anafufuka, ndo mwanasaikolojia Carl Jung wa Uswisi akaona hii ni ramani ya mtu anavyobadilika ndani, akatoa kitabu kizima 1944. Hatua ya kwanza ni nigredo, weusi, kila kitu kinaoza, na nahisi wengi wanakimbia wakifika hapo hapo maana nani anapenda kukutana uso kwa uso na wivu wake? Afu albedo, weupe, kusafishika, mwisho rubedo, wekundu, mtu anakuwa kamili. Kama we Muislamu msome Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu wa zamani, kitabu chake Kimia ya Furaha, aliiandika kwa Kiajemi na anaanza na kujijua mwenyewe kwanza. Kwa sasa, ili uanze kujijua, chukua daftari, andika ndoto zako ukiamka kabla hujashika simu, na huyo anayekuuzia zebaki mbloku tu.