Walimu wapya wa hesabu Tanga, uwezekano usianzie ubaoni

Walimu wa mazoezi mnakuja na maandalio safi, lakini somo la uwezekano linaanza vilevile kila mwaka: kanuni ubaoni, dadu ya kuchora, kisha zoezi. Kipindi kinaisha mtoto anajua kugawanya namba mbili tu. Jamani, tubadilike.

1. Tumieni sarafu mbili, tena zisizofanana. Hapa ndipo somo linapoharibikia. Uliza darasa: nikirusha sarafu mbili, yapo matokeo mangapi? Watasema matatu: vichwa viwili, kichwa kimoja, hakuna kichwa, basi kila moja 1/3. Mwalimu mgeni anaandika orodha ya manne, watoto wananakili bila kuamini. Msiwacheke. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliteleza kwenye swali la jamii hiyohiyo mwaka 1754. Tatizo ni kwamba sarafu mbili za shilingi 200 hazitofautishiki. Chukua moja ya 200, yenye Karume na simba, na moja ya 100, yenye Nyerere na swala. Sasa kichwa kimoja kinaonekana kwa njia mbili: Karume na swala, au simba na Nyerere. Mtoto anaziona mwenyewe mezani: matokeo manne, kila moja 1/4, na kichwa kimoja ni 2/4.

Kisha warushe. Watoto 40, wawiliwawili, kila jozi mara 40: jumla 800. Jozi moja italeta kichwa kimoja mara 15, nyingine mara 25, na wala hawajakosea. Jumlisheni ubaoni jozi baada ya jozi. Mwishoni mtakuwa karibu na 400, aghalabu kati ya 370 na 430. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kumaliza mada, na ndiyo yenye somo. Warushie juu ya kanga. Kwenye sakafu ya saruji sarafu zinakimbilia chini ya madawati na dakika kumi zimekwenda.

2. Vizibo vya soda kwenye mfuko: vyekundu 3, vya kijani 2. Kokoto hapana, mkono unatambua ukubwa. Vyekundu viwili mfululizo bila kurudisha ni 3/5 × 2/4, yaani 3/10, ukirudisha, 9/25. Anayesahau kupunguza namba ya chini, aweke kizibo cha kwanza mezani, ahesabu vilivyobaki mfukoni.

3. Mtoto akisema "sasa ni zamu ya simba" baada ya Karume kutoka mara nne, msimkatize. Rusheni hapohapo, mrudie kila Karume anapofuatana mara nne, mwandike kinachofuata. Sarafu haina kumbukumbu; bado ni 1/2.

4. Vijana wa mtaa wa Ngamiani wanaijua habari ya mkeka, ile tiketi ya kubashiri mechi, kuliko nyinyi, kwa hiyo msiikwepe. Wapeni mechi tano zisizohusiana, kila moja yenye uwezekano wa 0.6 wa kupatia. Wakizidisha, uwezekano wa kupatia zote utakuwa karibu 0.078, chini ya mara 8 katika 100. Kwa mechi kumi ni kama mara 6 katika 1,000. Kalamu ishikwe na mtoto, mwalimu asimame pembeni.