Kabla hujaibadilisha bunduki, jua kwanza nani anakosea

Bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ni Mosin-Nagant 91/30, mbao na chuma tupu, urefu wa sentimita 123. Muundo wake ulianza kutumika katika jeshi la Urusi mwaka 1891, ukafanyiwa marekebisho mwaka 1930. Mimi sikuwa nimewahi kufyatua hata bunduki ya upepo, ila nilijiona najua.

Siku ya kwanza uwanjani nilijaza risasi 5, ndizo magazini inazobeba, na karatasi ya shabaha ikawekwa mita 50. Risasi ya kwanza ilinipiga teke la bega nikaona nyota mchana. Ya pili nilifumba macho hata kabla haijatoka. Nilipokwenda kuangalia karatasi, ilikuwa na matundu mawili tu, yote chini kabisa. Nikatoa hukumu papo hapo: bunduki hii mbovu.

Basi nikaanza kutoa pesa. Nikaagiza darubini. Ilipofika ndipo nikajua jambo ambalo yeyote aliyewahi kuishika Mosin angeniambia bure: mkono wa bolti, kile chuma unachokivuta kutoa ganda na kuingiza risasi, umenyooka, na ukiuinua unasimama wima palepale darubini inapotakiwa kukaa. Ama uukate uungwe mwingine uliopinda, ama utafute darubini maalumu ya kufungwa mbele, juu ya mtutu, mbali na jicho. Yangu haikuwa hiyo. Mpaka leo iko kwenye boksi lake.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani. Aliniomba bunduki, akanipa mgongo, akaijaza, akanirudishia. "Haya kijana, piga." Nikalenga, nikavuta triga. Tak! Alikuwa ameweka risasi ya bandia. Hakuna mlio, hakuna teke, lakini mtutu ulizama kama kichwa cha mtu anayesinzia. Kumbe ni mimi niliyekuwa nauinamisha kila mara, nikilisubiri teke. Mzee hakusema neno, akarudi mezani kwake.

Kwa hiyo ukinunua bunduki usiyoijua, nunua na risasi chache za bandia za saizi yake. Mwombe mwenzako akuchanganyie na za kweli bila wewe kuona. Mimi nilifanya hivyo wiki tatu, naona aibu kila wiki, mpaka mtutu ukatulia.

Baada ya hapo ndipo bunduki ilipoanza kunionyesha kasoro zake halisi, nazo zilikuwa ndogo. Nilivisha kitako mpira wa kupunguza teke. Mpira huo unarefusha kitako kidogo, kwa hiyo mwenye mikono mifupi ajipime kwanza. Bolti nayo ilikuwa inakwama baada ya risasi chache mpaka naigonga kwa kiganja. Sababu ilikuwa grisi ya zamani ya kuhifadhia, iliyoganda ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Ikipata joto inalainika na kulishika ganda la risasi. Brashi, kiyeyushi na jioni moja vilitosha.

Halafu risasi zikaanza kwenda juu, zote pamoja. Bunduki hizi zilirekebishwa shabaha zikiwa na singe, kisu cha kuchomeka mtutuni, mbele, na ukiitoa zinapiga mahali pengine. Dawa yake ni ya senti chache: chukua kipande cha gamba la plastiki la waya wa umeme, kivishe kwenye ncha ya kulengea ya mbele ili irefuke, kisha ukipunguze kwa wembe kidogo kidogo. Ncha ikirefuka risasi zinashuka, ukikata zinapanda. Kata, piga tatu, tazama karatasi, rudia.

Ukitumia risasi za zamani za kijeshi, pitisha maji ya moto kwenye mtutu siku hiyohiyo, ukaushe, upake mafuta. Fataki, yaani kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, za nyingi kati ya hizo huacha chumvi, na mafuta peke yake hayaiondoi. Nilikaa siku mbili bila kuosha, nikakuta kutu.

Triga ni nzito kweli, lakini sijaigusa. Ukiisugua kwa tupa vibaya, bunduki inaweza kufyatuka kwa kudondoka tu. Hiyo nimemwachia fundi wa bunduki. Hata sefti yake, kizuizi cha kuifanya isifyatuke, ile ya kuvuta kifundo cha nyuma na kukizungusha kushoto, ni ngumu kwa vidole vyangu, kwa hiyo nikiwa sipigi naitoa risasi zote na kuacha bolti wazi, kila mtu aone.